“Nitapikia wapi?” Miwani ya uhalisia pepe na nyumba za muda za wakimbizi

SWALI: “Shikamoo mtaalamu. Nimehitimu usanifu majengo mwaka jana, naishi Sakina hapa Arusha, na ninajitolea kwenye shirika dogo linalotaka kusaidia makazi ya wakimbizi wa Burundi na Kongo kule Kigoma. Tumepewa miwani mbili za uhalisia pepe (VR), zile zinazomfanya anayevaa aone kana kwamba yumo ndani ya mchoro wa kompyuta. Nimechora nyumba ya muda ya mita 6 kwa 3, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mpango ni familia iingie ndani ya nyumba hiyo kwa miwani kabla haijajengwa, iseme kama inajisikia iko nyumbani. Wageni wa mfadhili walivaa, wakasema ni pana na inapendeza. Baadaye nikamwomba mama mmoja jirani yetu ajaribu. Alizaliwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi kule Tabora, wazazi wake walikimbia Burundi, sasa yeye ni raia. Alizunguka kidogo, akagonga mkono kwenye meza yetu ya kweli, akavua akilalamika kizunguzungu. Kisha akaniuliza: nitapikia wapi, na mgeni nitamkalisha wapi? Bosi wangu anasema tusonge mbele, miwani itatupunguzia safari za Kigoma. Rafiki yangu anasema hii ni anasa, hela ziende kwenye mabati. Je, miwani inaweza kweli kuonesha kama nyumba inafaa kuishi? Na haina madhara kwa macho ya watu?”

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nikikusoma vizuri, kinachokusumbua si miwani. Unaogopa kwamba umeshika kifaa kinachomfurahisha anayetoa hela na kumwacha pembeni atakayelala humo ndani, na majibu mawili kuhusu nyumba ile ile yamekutia shaka. Basi tuanzie hapo. Wageni wale na yule mama hawakuingia nyumba moja. Wageni waliona chumba kitupu cha mita 18 za mraba, wakakilinganisha na mahema waliyozoea kuyaona pichani. Mama aliingia na watoto wake, na sufuria, na ndoo za maji, na shemeji anayekuja bila taarifa. Chumba kilishajaa kabla hajageuza shingo. Usimweke kwenye ripoti yako kama mtu aliyeshindwa kutumia kifaa. Ndiye aliyekitumia sawasawa kuliko wote.

Sasa tuone kifaa chenyewe kinafanya nini, maana ukishajua kinavyofanya kazi utajua lini ukiamini. Ndani ya miwani kuna lenzi mbili, na kila jicho linapewa picha yake, iliyochorwa kutoka mahali tofauti kidogo na pa jicho la pili. Umbali kati ya mboni na mboni kwa mtu mzima ni milimita 63 hivi kwa wastani, ingawa wapo wa 55 na wapo wa 70. Ubongo unaziunganisha zile picha mbili na kupata kina: huu ukuta uko karibu, ule uko mbali. Wakati huohuo kamera ndogo na sensa zinafuatilia kichwa, na picha inachorwa upya mara 72, 90 au zaidi kila sekunde, ili ukigeuka ukuta ubaki palepale ulipokuwa. Picha ikichelewa zaidi ya milisekunde 20 hivi nyuma ya kichwa, mwili unashtuka kwamba kuna kitu hakiendi sawa.

Kizunguzungu cha yule mama kina maelezo hayohayo. Kwenye sikio la ndani tuna kiungo kinachopima mwendo. Ukimpa mtu kitufe cha kumsogeza, macho yanamwambia anatembea huku sikio likimwambia amesimama, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo. Nadhani ulimpa kitufe, au ulimsogeza wewe. Nyumba yako inaingia yote ndani ya darasa au ukumbi wa kanisa. Ondoa meza na viti, umwache atembee kwa miguu yake, hatua moja ya kweli iwe hatua moja ndani ya miwani. Malalamiko mengi yataisha hapo, na mkono hautagonga kitu. Ila usikimbilie uwanjani kutafuta nafasi. Kwenye jua kali kamera hupoteza mwelekeo, na mwanga wa jua ukipenya zile lenzi hukusanyika na kuunguza skrini kwa muda mfupi sana, alama isiyofutika. Hata ukiiacha mezani karibu na dirisha, lenzi zikitazama juu, umeitia hatarini.

Kuhusu ukubwa, miwani ikiwekwa vizuri ni mkweli kuliko picha yoyote ya kompyuta, kwa sababu picha nyingi tunazowapelekea wafadhili zimechorwa kwa lenzi pana inayofanya kibanda kionekane ukumbi. Lakini nayo ina njia zake za kudanganya. Mtu hupima chumba kwa urefu wa macho yake kutoka sakafuni, bila kujua kama anapima. Programu ikiweka macho yake chini kuliko yalivyo, kila kitu kinakua; ikiyaweka juu, nyumba inasinyaa. Umbali wa mboni ukiwekwa vibaya matokeo ni ya namna hiyohiyo. Zaidi ya hapo, tafiti nyingi zimeonesha kwamba watu ndani ya miwani huona umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo, hasa kwa miwani za zamani. Kwa hiyo kila anayevaa, pima upya sakafu na mboni, usiendelee na vipimo vya aliyemtangulia. Na mwekee ndani ya chumba vitu ambavyo mwili wake unavijua: ndoo ya lita 20, kiti cha plastiki, kitanda cha tano kwa sita.

Kitanda hicho hebu tukiweke sasa hivi. Pazia lako la katikati linaacha chumba cha nyuma cha mita 3 kwa 3. Tano kwa sita ni kama mita 1.5 kwa 1.8. Ongeza magodoro mawili ya watoto ya futi tatu kwa sita, chini. Theluthi mbili ya sakafu imeshaliwa na malazi, na kilichobaki ni vichochoro, hakuna pa kuweka sanduku wala pa kubadilishia nguo. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka angalau mita 3.5 za mraba kwa kila mtu, bila kuhesabu jiko wala bafu. Kwa familia ya watu watano nyumba yako inatoa 3.6, imepita kwa nywele. Kwa familia ya watu saba, ambayo si kioja huko unakokwenda, inatoa chini ya 2.6. Hema la kawaida la familia la UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lina mita 16 za mraba ndani, na vibaraza viwili vya turubai vinavyolifikisha 23. Kibanda cha Better Shelter, kile chenye paneli za plastiki, kina 17.5. Kwa hiyo upo kundi moja nao, hujawazidi. Mgeni wa mfadhili hawezi kukupa hesabu hii kwa kusema “pana”.

Jambo la pili ni lile ambalo miwani haina kabisa, na hapa ndipo bosi wako anapokosea. Haina joto. Utamvalisha mtu miwani Sakina, Julai, wote mmevaa sweta, mkiamua juu ya nyumba itakayokaliwa saa nane mchana chini ya bati la geji 30 lisilo na dari. Haina moshi wa kuni wala mvua inayopiga bati mpaka mama na mtoto hawasikilizani, na kule Kigoma mvua ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili au Mei. Haina jirani anayekohoa upande wa pili wa turubai. Haina matope mlangoni. Jua unaweza kuliweka: programu nyingi zinakubali latitudo, mwezi na saa, hivyo angalia kivuli cha paa saa tisa alasiri kinaishia wapi. Mengine yaliyobaki utayapata kwa kwenda na kuuliza.

Kuna kisa cha Rwanda kinachofaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kifaa kitapunguza safari. Baada ya 1994 wakimbizi walipewa maturubai, wakakata miti kwa ajili ya nguzo, na misitu ikaanza kuisha. Zikaletwa nguzo za aluminiamu. Kwenye mchoro zilikuwa nzuri: nyepesi, imara, hazioti kutu. Watu wakaziuza, kwa sababu aluminiamu ni hela, wakarudi kukata miti. Ndipo msanifu wa Kijapani Shigeru Ban alipofanya kazi na UNHCR kujaribu nguzo za mabomba ya karatasi ngumu, ambazo hazina soko. Hakuna miwani ambayo ingemwonesha mtu soko la aluminiamu.

Nirudi kwenye neno lako la kujisikia nyumbani. Wasanifu vijana wengi wakisikia hivyo wanaanza kupaka rangi, kuning'iniza vitenge dirishani na kuweka kochi. Siwalaumu, kompyuta inafanya hayo kuwa rahisi. Lakini sikiliza tena maswali ya mama: nitapikia wapi, mgeni nitamkalisha wapi. Hakuuliza rangi. Anauliza kama ataweza kupika bila kila mpita njia kuhesabu kilichomo sufuriani, na kama ataweza kumpokea mtu kwa heshima bila kumkalisha kitandani. Mimi ningeongeza: nani ana ufunguo, dirisha linaona njia au linaona choo, na familia ikiongezeka nitasogeza ukuta upi. Kwa Warundi wa vijijini makazi ni boma lenye uzio, urugo wao, lenye mlango wa kuingilia, uwanja wa mbele, na nyuma sehemu ya kazi za ndani. Ukiwapa sanduku lililosimama wazi njiani umewapa chumba cha kulala, basi. Wakongo wa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wengi wao kutoka Kivu Kusini, watakuwa na yao, usiwabebeshe ya Warundi.

Na wewe uko mahali pazuri pa kujifunza hili bila kupanda basi la Kigoma. Shuka Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 pale palikuwa na kambi ya Wapolandi takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakatoka kupitia Iran, wakaletwa Afrika kwa meli. Walipewa nyumba za duara za udongo zenye paa la nyasi, zote za aina moja, tena za aina ambayo hakuna Mpolandi aliyewahi kulala ndani yake. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Watu hao walipanda maua mbele ya milango, wakawa na kanisa na shule, na baadhi walikaa karibu miaka kumi. Ninachokichukua hapo ni kwamba umbo la nyumba halikuwa la kwao, ila kulikuwa na kipande cha ardhi mbele ya mlango na ruhusa ya kukifanyia kitu. Mchoro wako hauna kipande hicho. Nyumba imesimama kwenye nyasi za kijani zisizo na mwisho, kama ilivyo kawaida ya programu hizi, na nyasi hizo hazitakuwepo.

Kwa hiyo kabla hujarekebisha chochote ndani ya nyumba, weka majirani. Viwango vya Sphere vinataka angalau mita 2 kati ya jengo na jengo, na bora zaidi iwe mara mbili ya urefu wa jengo, ili moto usiruke. Kila mita 300 za makazi paachwe wazi mita 30. Choo kisizidi mita 50 kutoka nyumbani. Ukishaweka hayo, mvalishe mtu miwani na umwambie atoke usiku kwenda chooni. Hapo kifaa kinafanya kazi ambayo karatasi haiwezi: ataona kona ambayo mtu anaweza kujificha, ataona mlango wake unatazamana na mlango wa nani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo watu hawaitumii kwa sababu wote wamekazana kupamba ndani.

Utaniambia ni nyumba ya muda, haihitaji yote hayo. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wazazi wa jirani yako walifika 1972, na zaidi ya watu 160,000 wa kundi lao walikamilishiwa uraia mwaka 2014. Mtoto anazaliwa, anaanza shule na kuoa ndani ya makazi yaliyochorwa yadumu misimu michache. Chora basi nyumba inayokubali kuongezwa: nguzo za upande mmoja zilizo tayari kupokea kibaraza, ukuta mmoja usiobeba paa, mlango ambao unaweza kuhamia upande wa pili.

Sasa utaratibu. Mimi nisingeanza na miwani. Anza na chokaa. Chora nyumba yako chini kwa ukubwa wake halisi, kwenye uwanja wowote, simamisha vijiti vinne, funga kamba, tundika khanga mahali pa kuta. Lete kitanda, magodoro na mafiga. Mwite huyohuyo jirani yako na watu wengine wa familia yake. Gharama ni ndogo, jua na upepo vimo, na watu watano wanaingia pamoja wakibishana, jambo ambalo miwani haiwezi kukupa kwa sababu anavaa mmoja huku wengine wakimtazama. Baada ya hapo ndipo miwani, kwa yale ambayo chokaa haioneshi: urefu wa paa, mwanga, dirisha, majirani, usiku. Na kama hata miwani ingekosekana, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lilianza mwaka 2012 kutumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft kuwashirikisha wakazi kubuni maeneo yao, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Skrini ya kawaida, matofali ya kuhamisha, mtu asiyejua kusoma ramani anaelewa.

Ndani ya miwani, punguza urembo. Kuta ziwe nyeupe au za kijivu, vitu viwe vya msingi. Picha inayong'aa ni kama gauni kwenye sanamu la dukani, mtu analisifu bila kujiuliza kama litamwenea. Halafu wewe si mtu wa kumuuliza “umeipenda?” Watu wetu ni waungwana, aliyeletewa kitu na mgeni hukisifu, na mkimbizi anayejua kwamba jina lake liko kwenye orodha ya msaada hukisifu mara mbili. Weka nyumba mbili tofauti ili kukataa moja kusiwe kukukataa wewe. Na badala ya kuuliza maoni, toa kazi: umelala hapo, mtoto analia usiku, mumeo amelala upande wa njiani, pita umfuate mtoto. Mvua imeanza na kuni ziko nje. Amekuja balozi wa nyumba kumi. Tazama anapita wapi, anasita wapi, mkono unakwenda upande gani kutafuta mlango. Akisema “huu mlango ungekuwa huku”, uhamishe hapohapo akiwa ndani. Blender ni ya bure na ina sehemu ya kutazama mchoro kwa miwani, na mwenzako akikaa kwenye kompyuta atausogeza ukuta huku mama amesimama katikati ya chumba. Watu wakiona neno lao limehamisha ukuta, maneno yanayofuata yanakuwa mengine kabisa. Wasikilize wanawake na wanaume kwa nyakati tofauti, vinginevyo utapata maoni ya sebuleni tu, ya jiko yatabaki kimya.

Mambo madogo yenye uzito: omba ruhusa kabla ya kumgusa mtu kichwa. Kilemba, hijabu na nywele zilizosukwa haziingii kirahisi kwenye mikanda ile, na kumwambia mama avue mbele za watu ili umpime kifaa ni kumdhalilisha; legeza mkanda au ashike miwani kwa mikono kama darubini. Futa sehemu ya uso kila baada ya mtu, uwe na vifuniko vya kubadilisha, na mwenye macho mekundu asivae kabisa.

Kuhusu macho yenyewe: kwa mtu mzima anayevaa dakika 10 au 15 kisha akapumzika, hakuna cha kuogopesha. Kinachochosha ni kwamba lenzi ya jicho inalenga umbali mmoja usiobadilika wakati macho mawili yanageuka kufuata vitu vya karibu na vya mbali, na hali hiyo huleta uchovu au maumivu ya kichwa yanayopita. Watoto wadogo waache, hata watengenezaji wenyewe wanaweka umri wa chini. Mwenye kifafa asivae. Mjamzito mwenye kichefuchefu mwonyeshe kwenye skrini ya kawaida, hakosi kitu. Kizunguzungu kisipoisha baada ya saa kadhaa, au mtu akiona vitu viwili viwili, aende akaonwe; hapa tuna hospitali ya Mount Meru, na hospitali ya KCMC Moshi wana idara ya macho.

Ila kuna dhara ambalo hukuliuliza, nami naliogopa zaidi. Miwani inamfunika mtu macho na kumtenga na waliomzunguka. Kwa aliyekimbia vita, au aliyevamiwa usiku ndani ya nyumba, kufunikwa macho katikati ya wageni si mchezo. Mwoneshe kwanza kwenye skrini anachokwenda kuona. Mwambie anaweza kuvua muda wowote, na mfundishe kuvua kabla ya kuvaa. Awe na mtu wake anayemwamini, anayesikia sauti yake muda wote. Usianze na tukio la usiku, hilo la chooni nililolisema lifanywe na aliyekubali akijua. Mtu akianza kutetemeka, akinyamaza ghafla, akilia, vua miwani taratibu, mpe maji, mkalishe pasipo na watu wengi, na usimhoji. Kambini kuna wahudumu wa afya ya akili na ushauri nasaha. Wajue majina yao kabla hujawasha kifaa, na kama huna mtu wa aina hiyo karibu, usitumie miwani na watu hao. Hilo halina mjadala.

Na usimwoneshe mtu nyumba ambayo hatapewa. Vifaa na ukubwa wa nyumba kambini haviamuliwi na wewe wala na shirika lako; vinaamuliwa na Serikali na UNHCR, na tangu 2017 kumekuwa na mpango wa kuwarejesha Warundi kwao kwa hiari. Katika hali hiyo mtu anayeingizwa ndani ya nyumba nzuri anaweza kudhani ni ahadi, au ni ishara kwamba anabaki. Jua kwanza kinachoruhusiwa, kisha chora ndani ya mipaka hiyo, na mwambie mtu wazi kabla hajavaa: hii ni ya kutusaidia kufikiri, haijapata kibali.

Rafiki yako wa mabati hajakosea kabisa. Kama mngekuwa mnajenga nyumba tatu, ningesema uzeni miwani, jengeni ya kwanza, kaeni na familia, rekebisheni ya pili. Miwani ya bei ya chini ya kampuni kubwa ilitoka mwaka 2024 kwa kama dola 300 za Marekani, kabla ya usafiri na kodi. Fedha hizo ni bati za kutosha kumwezekea mtu nyumba. Lakini mlango uliowekwa upande wa upepo wa mvua kwenye nyumba mia mbili ni kosa mara mia mbili, na kama mpango ni wa ukubwa huo basi kifaa kimejilipa siku ya kwanza mtu atakaposema mlango uhame. Zenu mmepewa bure, tumieni. Bosi wako ndiye wa kukataliwa kwa heshima: mwambie miwani itafanya safari ya Kigoma iwe na maswali bora zaidi, haitaifuta. Kama anataka majaribio ya karibu, hapo Manyara watu wa Katesh wanaijua hali ya kupoteza nyumba kwa siku moja tangu maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, na ukiwaomba kwa staha watakufundisha mengi kuhusu mahema na nyumba za kupewa.

Yapo ambayo siwezi kukusaidia kwa barua. Kambi kama Nyarugusu huingii bila kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na kibali kinachukua muda, hivyo andika barua sasa. Ukitaka kuiita kazi yako utafiti, pita pia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Miwani hizo zina kamera na zinaweza kurekodi sauti na mienendo ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu moja kwa moja. Zima kila kurekodi usikokuhitaji, na usiingie kwa akaunti yako binafsi ya mtandaoni. Uimara wa ukuta wa tofali mbichi kwenye mvua, kenchi zitakazoshika bati wakati wa upepo, na njia ya kutokea moto ukishika, hivyo vinatakiwa kuonwa na mhandisi akiwa amesimama kwenye udongo wenyewe. Pale Chuo cha Ufundi Arusha wapo wa kuanza nao. Mpelekee mchoro ambao umeshaongeza kibaraza cha kupikia upande usio na upepo na mahali pa kuketi mgeni karibu na mlango wa mbele, pamoja na vipimo vya chokaa mtakavyokuwa mmekubaliana na jirani yako. Nami nakala yake naisubiri, hata ikiwa imechorwa kwa penseli.